Rottweiler wa familia Arusha na Moshi: ukiona dalili hii, anza kukagua hapa

Wanaofuga Rottweiler huku kwetu, kuanzia Njiro na Moshono hadi Shanty Town na Rau, huleta malalamiko yanayofanana. Mbwa hali. Mbwa anachechemea. Mbwa ameanza kunguruma watoto wakipita. Mbwa hamsikii mtu yeyote isipokuwa mlinzi. Nimepanga maelezo haya kwa kufuata dalili hizo, ili ukirudi nyumbani usiku ukamkuta mbwa hayuko sawa ujue pa kuanzia. Chini ya kila dalili natangulia na chanzo kinachoonekana mara nyingi, vya nadra vinafuata, na pale ambapo unatakiwa kuacha kuhangaika mwenyewe nimesema wazi.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mababu wa Rottweiler walikuwa mbwa wa wachinjaji wa mji wa Rottweil, Ujerumani: waliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Ni mbwa wa kazi, na maumivu huyameza. Mara nyingi halii, anabadilika tabia. Ndiyo maana mtu akiniambia mbwa wake amekuwa mkali ghafla, siulizi kwanza habari za mafunzo. Nauliza anakula vipi, fizi zake zina rangi gani, na asubuhi anainukaje.

Mjue akiwa mzima

Huwezi kutambua ugonjwa kama hujui afya yake ilivyo. Siku mbwa ni mzima, kaa naye dakika kumi umkague.

Inua mdomo wa juu utazame fizi. Rottweiler wengi wana fizi zenye weusi wa kuzaliwa, na hapo watu wengi hupotea. Tafuta sehemu isiyo na weusi, au vuta chini kope la jicho uone nyama ya ndani. Inatakiwa kuwa ya waridi, yenye unyevu. Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri.

Nunua kipimajoto chake mwenyewe. Unakipaka mafuta ya mgando na kukiingiza taratibu kwenye njia ya haja kubwa, mtu mwingine akiwa ameshika kichwa na kumsemesha. Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Kwa hiyo 38.7 si homa, hata kama kwa binadamu ingekuwa. Akiwa amelala ametulia, huvuta pumzi kati ya mara 10 na 30 kwa dakika. Mzoeze haya angali mchanga, maana dume aliyekomaa ana kilo 50 hivi, na siku akiumwa si siku ya kuanza kumfundisha kushikwa mdomo.

Amekataa chakula na amelegea

Kwa mbwa mkubwa, mshukiwa wa kwanza huku ni kupe, hasa wakati wa masika na wiki zinazofuata. Kagua ndani ya masikio, kati ya vidole, makwapani na chini ya mkia. Kupe mdogo mwenye rangi ya kahawia anatosha kuleta maradhi mawili yanayoua mbwa wengi: babesia, ambayo huvunja chembe nyekundu za damu, na erlikia, ambayo humdhoofisha taratibu kwa wiki nyingi. Kutomwona kupe leo hakumwondoi kwenye orodha. Huenda alishashiba akadondoka.

Pima joto. Tazama fizi. Mpeleke nje akojoe na uangalie mkojo. Homa, fizi nyeupe na mkojo wa kahawia au mwekundu huelekeza kwenye babesia, na huo ni ugonjwa wa kumwita daktari saa hiyohiyo, usingoje kupambazuke. Kutoka damu puani, madoadoa mekundu tumboni au kukonda pole pole kunaelekeza zaidi kwenye erlikia. Daktari atachukua damu kidogo sikioni au mguuni na kuitazama kwa hadubini. Arusha pia kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) kwa vipimo vya kina. Vidonge vya erlikia humezwa takriban wiki nne. Mbwa huchangamka mapema, mwenye mbwa anaacha dawa, na ugonjwa unarudi ukiwa umejificha ndani ya mifupa. Maliza dozi.

Hapa naomba nieleweke. Usimchome mbwa ile dawa ya unga wa njano ya kuchanganya na maji anayochomwa ng'ombe, hata kama jirani mwenye ng'ombe amekuhakikishia. Kwa mbwa, tofauti kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ubongo ni ndogo sana. Wala usimwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kukisia kipimo kwa kifuniko. Duka la dawa za mifugo lina dawa za mbwa za kumdondoshea mgongoni, kola na vidonge. Nunua kwa uzito wa mbwa, na weka alama kwenye kalenda siku ya kurudia.

Mshukiwa wa pili yuko kwenye sufuria. Mahindi yaliyoota ukungu ndiyo yanayotengwa na kusagwa kuwa "unga wa mbwa", na ukungu huo unaweza kubeba sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Ini la mbwa nalo haliihimili. Kupika hakuiondoi. Dalili zake ni kukataa chakula, kutapika, macho na fizi kuwa za njano, na wakati mwingine choo cheusi. Ukiona unjano, acha unga huo leo, weka kiasi chake kwenye mfuko kwa ajili ya uchunguzi, na mpeleke mbwa kwa daktari. Kanuni yangu ni rahisi: unga ambao hungeupikia watoto, mbwa naye asile.

Wa tatu ni kitu kilichokwama. Kwetu ni magunzi ya mahindi na kokwa la parachichi. Mbwa huyu humeza bila kutafuna vizuri, na gunzi haliyeyuki tumboni. Linaweza kukaa kimya siku kadhaa kabla ya kuziba utumbo. Mbwa anayetapika kila anachokula na hapati choo, huku watoto wakikumbuka kwamba juzi walikula mahindi ya kuchoma uani, anahitaji picha na pengine upasuaji. Usimpe mafuta ya kula ili "kiteleze". Mifupa iliyopikwa ni hatari hiyohiyo, kwa sababu huchanika na kutoboa.

Dawa za maumivu za binadamu, kama paracetamol, ibuprofen na diclofenac, zisitumike kabisa. Zinaharibu ini, figo na tumbo la mbwa, na zinampa daktari kazi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mbwa mchanga anaharisha

Akiharisha lakini anacheza na anakula, sababu ya kawaida ni minyoo au kubadilishiwa chakula ghafla. Mbwa wachanga hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili ya maisha, kila baada ya wiki mbili mpaka wafike miezi mitatu. Wauzaji wengi huruka hatua hii, kwa hiyo usiamini maneno, dai kadi. Chakula kipya changanya na cha zamani kwa wiki nzima kabla ya kuhamia moja kwa moja.

Akitapika, akalegea, na kinyesi kikawa maji yenye damu na harufu kali isiyosahaulika, chukulia ni parvo mpaka daktari akuambie vinginevyo. Rottweiler ni miongoni mwa mbwa wanaoshambuliwa vibaya zaidi na kirusi hiki. Hakuna dawa inayokiua mwilini. Kinachookoa ni maji ya mshipa, dawa za kuzuia kutapika na uangalizi wa siku kadhaa. Kumnywesha maji ya chumvi na sukari mbwa anayetapika mfululizo ni kupoteza saa zenye thamani. Mpakie kwenye bajaji ukiwa umemzungushia taulo, na mpigie daktari njiani ili asimweke karibu na wengine.

Chanjo ndiyo dawa halisi. Huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila wiki tatu au nne, na ya mwisho ya mfululizo iwe wiki ya 16 au zaidi. Ile ya mwisho ndiyo watu wengi huikosa, na ndiyo muhimu kuliko zote, maana kinga ya maziwa ya mama inaweza kuzuia chanjo za mwanzo zisishike. Kama mbwa amekufia uani kwa parvo, kirusi kinaweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima. Sakafu ya saruji osha kwa sabuni kwanza, kisha mwagia jiki sehemu moja kwa maji sehemu 20 na uache dakika kumi. Udongo hauoshwi. Mbwa mpya aje akiwa amemaliza chanjo.

Tumbo limejaa na anataka kutapika lakini hakitoki kitu

Hapa hakuna ukaguzi wa nyumbani. Mbwa mwenye kifua kirefu kama huyu anaweza kujaa gesi, kisha tumbo likajizungusha na kujifunga pande zote mbili. Anahangaika, anadondosha mate, anajikamua bila kutoa kitu, na ubavu ukiugonga unalia kama ngoma. Una saa chache tu. Piga simu, panda gari, nenda. Ukiishi Usa River au Marangu, tafuta leo, mbwa akiwa mzima, daktari anayeweza kufanya upasuaji usiku, na uhifadhi namba yake. Wengi tunao madaktari wazuri wa chanjo ambao hawana chumba cha upasuaji; ni vizuri kulijua hilo mapema.

Kinga: mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku, usimrundikie sinia moja la usiku, na asikimbie saa moja kabla na saa moja baada ya kula.

Anachechemea

Anza na mguu wenyewe. Mlaze, tazama kati ya vidole kwa tochi: mwiba, kipande cha chupa, ukucha uliovunjika, au funza. Funza wa vumbini wanapenda mabanda yenye sakafu ya udongo mkavu, na mbwa mmoja anaweza kubeba wengi chini ya nyayo mpaka anatembea kwa ncha. Wakiwa wachache watolewe kwa sindano safi na kidonda kipakwe dawa; wakiwa wengi mwite daktari, na banda limwagiwe maji na kufagiwa kila siku, la sivyo watarudi.

Miguu ikiwa safi, umri ndio unaokuelekeza.

Mbwa wa miezi 5 hadi 18 anayechechemea mguu huu wiki hii na mwingine wiki ijayo mara nyingi ana maumivu ya mifupa ya kukua. Hupita yenyewe, ingawa anahitaji mapumziko na wakati mwingine dawa ya daktari. Akichechemea mguu uleule wa mbele kila siku, fikiria kiwiko; akiinuka kwa shida na kukimbia huku akirusha miguu ya nyuma pamoja mithili ya sungura, fikiria nyonga. Kasoro za nyonga na viwiko zimo kwenye damu ya Rottweiler, na chakula hufanya mambo yawe bora au mabaya zaidi.

Hili la chakula nalisemea kwa uzito kwa sababu watu hukosea kwa mapenzi. Tunapenda mbwa mnene, tunashindanisha ukubwa, tunamwongezea unga wa mifupa na dawa za kalsiamu ili "mifupa iwe imara". Mbwa mchanga wa aina kubwa hawezi kuikataa kalsiamu iliyozidi. Inaingia na kuvuruga ukuaji wa mifupa. Mkuze taratibu. Ukipitisha kiganja ubavuni usikie mbavu bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Ugali na dagaa pekee haumkuzi mbwa huyu. Ongeza nyama, mayai, mboga zilizopikwa, au mpe chakula cha dukani cha mbwa wachanga wa aina kubwa kama uwezo upo. Dagaa waoshe chumvi na mchanga. Utumbo, maini na mapafu kutoka machinjioni vichemshwe sana, kwa sababu vikiwa vibichi humwambukiza mbwa minyoo inayosababisha malengelenge ya maji kwenye ini na mapafu ya binadamu, na ugonjwa huo upo kwenye maeneo ya wafugaji ya mkoa wa Arusha. Mpaka afike mwaka na nusu, usimkimbize nyuma ya pikipiki wala kumrusha kutoka kwenye kirikuu. Matembezi mafupi mara mbili kwa siku yanamtosha.

Mbwa mzima, mnene, aliyeruka akashuka na mguu wa nyuma ukiwa unagusa chini kwa ncha tu, huenda amekata kano ya goti. Apumzike, apelekwe.

Mbwa wa miaka saba na kuendelea mwenye uvimbe mgumu juu ya kifundo cha mguu wa mbele au karibu na goti, apelekwe wiki hiyohiyo kupigwa picha. Saratani ya mfupa humpata Rottweiler zaidi ya mbwa wengi, na uvimbe huo usikandwe wala kuchuliwa.

Ngozi: vipele, majipu, uvimbe wa kiwiko

Jipu lenye tundu katikati, nalo linatikisika ukilitazama vizuri, ni buu la nzi. Nzi huyo hutaga kwenye mchanga au matandiko yenye harufu ya mkojo. Paka mafuta ya mgando mazito juu ya tundu, subiri buu litoke kutafuta hewa, kisha bana taratibu pande zote mbili litoke zima. Likikatikia ndani panaoza. Magunia na matambara ya banda yafuliwe, yaanikwe juani, yapigwe pasi ikiwezekana.

Uvimbe laini wenye maji kwenye kiwiko unatokana na uzito wake kulala kwenye saruji tupu. Usiutoboe, utaingiza uchafu. Mwekee godoro kuukuu au mbao zilizofunikwa gunia nene, na kwa Arusha ya Juni hadi Agosti matandiko hayo yanamkinga na baridi pia.

Nywele zikitoka mabaka mabaka, au akijikuna mpaka anatoa damu, daktari akwangue ngozi aone ni utitiri au fangasi. Oili chafu ya gari isipakwe. Anailamba na inamdhuru.

Anahema bila kutulia

Moshi mjini ni joto kuliko Arusha, na koti jeusi halisamehe. Sababu ya kwanza ni banda la bati lisilo na kivuli na bakuli la maji lililokauka saa nne asubuhi. Mhamishie kivulini, mmwagie maji ya bomba tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee, mpe maji kidogo kidogo. Pima joto kila dakika chache. Likishuka hadi 39.5 acha kummwagia. Likiwa limepita 40.5, au anapepesuka, au ulimi umekuwa wa rangi ya zambarau, endelea kumpoza ukiwa njiani kwenda kwa daktari.

Kuhema bila joto kuwa kali kunaweza kuwa maumivu, upungufu wa damu, au moyo. Rudi kwenye fizi.

Anamsikiliza mlinzi tu, familia inamwogopa

Lalamiko hili hutoka kwenye nyumba zenye mageti marefu. Mbwa analetwa akiwa na wiki nane, watoto wanamfurahia kwa muda, kisha anahamishiwa bandani nyuma ya nyumba. Mlinzi ndiye anayemlisha, anamfungulia usiku, anamfungia alfajiri. Akifikisha mwaka ana kilo zaidi ya 40 na anamjua mtu mmoja. Siku mlinzi anaacha kazi, baba mwenye nyumba anasimama nyuma ya grili akiuliza nani atakwenda kumpa maji.

Mbwa hana kosa hapo. Anawachukulia wenye nyumba kama anavyowachukulia wapita njia, kwa sababu kwake wao ni wapita njia.

Kama mbwa bado hajaonyesha ukali kwa familia, anza na chakula. Kwa wiki kadhaa kila mlo utoke mkononi mwa mwanafamilia mtu mzima, mlinzi akiwa amesimama pembeni. Mbwa akae chini kwanza, bakuli lifuate. Kisha matembezi: mlinzi ashike kamba, wewe tembea upande wa pili, baada ya siku chache badilishaneni. Alale karibu na watu walipo, kwenye baraza au mlango wa jikoni. Rottweiler anayewaona watu wake siku nzima hulinda vizuri kuliko anayefungiwa, kwa sababu anajua nani ni wa nyumbani. Mlinzi mpya akija, apishane na wa zamani siku kadhaa wakimlisha pamoja. Dada wa kazi naye ahusishwe; yeye ndiye anayekaa na mbwa mchana kutwa, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza kama anamwogopa.

Kama tayari anakuonyesha meno ukikaribia banda, usijaribu ujasiri. Tafuta mkufunzi anayefanya kazi bila fimbo, na mbwa achunguzwe na daktari kwanza. Mwalimu wa mbwa anayeanza kwa kumnyonga kwa kamba au kumlaza kwa nguvu anakuachia mbwa mwenye hofu, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma.

Ananguruma watoto wakimkaribia

Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni kubughudhiwa wakati wa kula, kulala, au akiwa na mfupa. Dawa yake ni utaratibu wa nyumba: mbwa akila hakuna mtoto anayepita hapo, akilala haguswi, anaitwa aje mwenyewe.

Kinachofuata ni hofu. Dirisha la kumzoeza mbwa dunia hufunguka wiki ya 3 na kuanza kufungwa karibu wiki ya 14. Mbwa ambaye muda huo aliona ukuta na mlinzi tu, watoto wanaokimbia na kupiga kelele kwake ni jambo geni la kutisha. Ukiwa na mbwa mchanga ambaye hajamaliza chanjo, mbebe mikononi: asikie bodaboda, aone kina mama wenye ndoo kichwani, mzee mwenye mkongojo, watoto wenye sare wakitoka shule. Usimshushe chini penye mbwa wengine.

Chanzo cha tatu ni maumivu, na ingawa ni cha tatu kwa wingi, ndicho cha kukagua kwanza, kwa sababu ukikikosa hatua nyingine zote hazitafaa. Masikio yananuka? Anajitoa ukimgusa kiuno? Meno? Kiwiko? Mbwa mpole wa miaka mitano anayeanza kunguruma ghafla ana haki ya kupimwa kabla hajahukumiwa.

Cha nne ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa, watoto wakipita na kumtupia vijiti, anajifunza kwamba watoto ni kero isiyokimbilika. Jenga uzio, hata wa matete na waya, umwondoe kwenye mnyororo.

Usimpige kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kutoonya huuma kimya. Jifunze kumsoma pia: mbwa wengi wanaouzwa huku wamekatwa mkia, kwa hiyo alama moja kubwa ya hisia zake haipo. (Ujerumani kwenyewe kukata mkia kumepigwa marufuku tangu 1998, na vigezo vya aina hii vinataka mkia wa asili. Ukiagiza mbwa mchanga, mwambie mfugaji mapema asikate.) Tazama mwili kukakamaa, mdomo kufunga ghafla, weupe wa jicho kuonekana pembeni, kichwa kugeuka huku macho yakibaki kwa mtoto. Ukiona hayo, mwite mtoto kwa sauti ya kawaida, usimvute mbwa.

Mtoto mdogo na mbwa huyu wasiachwe peke yao, hata kwa dakika ya kwenda kufungua geti. Hilo halitegemei upole wa mbwa. Mngurumo unaorudiwa kwa mtoto yuleyule, au jaribio lolote la kuuma, ni mwisho wa kujitibu nyumbani: tenganisha kwa mlango unaofungwa na umwite daktari.

Ameuma mtu

Kwanza jeraha. Maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mchubuko. Hakuna pilipili, hakuna majani, hakuna kufunga kwa kukaza. Kisha hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na kadi ya chanjo ya mbwa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikianza mapema inazuia. Zile dozi za kurudia zimalizwe.

Mbwa asiuawe wala kutoroshwa kwa ndugu kijijini. Afungiwe mahali salama na atazamwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyouma. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Akibadilika katika siku hizo, akashindwa kumeza, akatokwa mate, sauti ikabadilika, miguu ikalegea au akashambulia vitu hovyo, mtu yeyote asimguse wala kumfungua mdomo kutafuta mfupa. Mjulishe afisa mifugo mara moja, na hospitali pia.

Chanjo ya kichaa mbwa huipata akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huendesha kampeni. Uliza ofisi ya kata ni wapi na lini. Nenda na mbwa akiwa na kamba fupi na kifunga mdomo alichozoeshwa mapema nyumbani, fika asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, na simama mbali na mbwa wengine hadi zamu yako ifike. Kadi ipigwe picha kwa simu. Siku jirani akigonga geti akiwa amemshika mtoto aliyeumwa, hutakuwa na muda wa kutafuta droo.